Pumzika kabla mwili haujakulazimisha

Hebu jiulize: ni lini mara ya mwisho ulipolala usiku kucha bila kusikia honi ya lori, ukaamka asubuhi na mwili mwepesi? Kama unaishi Noonkopir, mji ambao wengi sasa huuita Kitengela, huenda jibu lisipatikane upesi.

Mji huu umekua haraka. Wazee wanaukumbuka ukiwa kituo kidogo cha biashara kando ya barabara ya Namanga, ng'ombe wakipita katikati yake kwenda malishoni. Leo matrela ya kwenda na kutoka mpakani hupita usiku na mchana, vilabu vya pombe hushindana na vipaza sauti vya mahubiri, na upande wa Athi River viwanda vya saruji havilali. Wakazi wengi hufanya kazi Nairobi, kwa hivyo huondoka nyumbani kukiwa giza na kurudi kukiwa giza. Jumapili nayo huliwa na chama, harambee, mazishi na safari ya kwenda kwenye ploti kuona kama fundi amejenga kwa matofali aliyolipiwa.

Mtu wa namna hii akiambiwa apumzike, hucheka. Atasema mapumziko ni ya matajiri, au atapumzika akimaliza nyumba, au watoto wakimaliza shule. Maoni yangu ni kwamba mapumziko si tuzo ya aliyemaliza kazi, kwa maana kazi haimaliziki. Ni sehemu ya afya, sawa na chakula bora na maji safi. Na kwa mkazi wa Kajiado dawa hii haiko mbali wala si lazima iwe ghali. Iko chini ya mlima wa volkano uliozimika, mwendo wa saa mbili au tatu hivi kutoka mlangoni pake.

UCHOVU UNAVYOUA

Kwanza tuelewe tunachotibu. Mwezi wa Mei mwaka wa 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitoa makadirio ya kutisha. Katika mwaka wa 2016 pekee, watu 745,000 ulimwenguni walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Akilinganishwa na anayefanya kazi saa 35 hadi 40, mtu huyo yumo katika hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 17.

Sasa hesabu saa zako. Siku sita za saa kumi ni saa 60, na hujatia hesabuni zile saa unazokaa ndani ya matatu kwenye msongamano wa Mombasa Road.

Mwili unapohisi hatari hutoa homoni ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo hudunda kwa kasi, mishipa ya damu hujikaza na sukari huongezeka katika damu. Maumbile yaliweka utaratibu huu ili binadamu aweze kumkimbia simba. Taabu ni kwamba mwili haubagui kati ya simba, honi ya trela na ujumbe wa mkubwa wako kwenye simu saa nne za usiku. Kila kitu huupigia kengele ile ile. Kengele ikilia kila siku bila kuzimwa, shinikizo la damu hupanda na hukaa juu.

Hata ukiwa usingizini, masikio hayafungi. Unaweza kudhani kwamba umezoea kelele za barabara, lakini moyo wako haujazoea. Mnamo 2018 ofisi ya WHO ya bara la Ulaya ilipendekeza kwamba kelele za magari usiku zisipite desibeli 45, kiasi ambacho ni kidogo kuliko sauti ya watu wawili wanaozungumza. Ni wangapi kati ya wanaoishi karibu na barabara ya Namanga wanaopata utulivu huo?

Nalo shinikizo la damu ni adui asiyebisha hodi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi hawakuwa wamewahi kupimwa. Mtu kama huyo hujiona mzima mpaka siku anapoanguka. Hapo hulazwa, na mapumziko aliyoyakataa kwa hiari huyapata kwa nguvu.

MLIMA ULIOKWISHA KUTULIA

Kutoka Kitengela fuata barabara ya Namanga hadi Isinya, kisha geuka kulia na ufuate barabara ya kwenda Kiserian. Hapo utaingia barabara ya Magadi. Ukipita Kona Baridi, kwenye bega la milima ya Ngong, ambayo yenyewe ni mabaki ya volkano ya kale, Bonde la Ufa hufunguka mbele yako ghafla. Kuanzia hapo barabara huteremka na hewa huzidi kuwa na joto. Kiasi cha kilomita 65 kutoka Nairobi kwa barabara hiyo, ukiwa bado umo katika kaunti ya Kajiado, utafika Olorgesailie.

Wengi hulijua jina hili kutokana na vitabu vya historia vya shule. Mwanajiolojia John Walter Gregory aliona zana za mawe hapa mwaka wa 1919. Katika miaka ya 1940 Mary na Louis Leakey walikuta mashoka ya mawe yamezagaa kwa wingi ajabu, na tangu 1947 mahali hapa pamekuwa makumbusho. Leo panasimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kando ya makumbusho pana vibanda vichache vya kulala wageni na uwanja wa kupiga hema, na nyuma yake umesimama mlima Olorgesailie.

Usiogope neno volkano. Ni kweli kwamba katika bonde hili hili, upande wa Tanzania, Ol Doinyo Lengai ni mlima hai uliolipuka mwaka wa 2007 na 2008. Lakini Olorgesailie ulizimika zamani mno, hata kabla ya wale binadamu wa kale kuja kuishi chini yake. Mengi ya mawe waliyochongea mashoka yao waliyatoa kwenye miteremko ya mlima huo, wakayashusha hadi ukingoni mwa ziwa lililokuwa hapo. Ziwa lilikwisha kukauka. Kilichobaki ni udongo mweupe uliotokana na mimea midogo sana ya majini, na yale mashoka, mengine yakiwa na umri unaokaribia miaka milioni moja. Ukisimama mbele ya mashoka hayo, ile barua ya karo iliyokunyima usingizi hupungua uzito kidogo.

Nisikudanganye: hii si hoteli ya kifahari. Mchana jua ni kali. Kitanda ni cha kawaida, chakula utajipikia, na maji ni bora uyabebe. Hapana bwawa la kuogelea wala mtumishi wa kukuletea soda kwenye sinia. Uzuri wake upo katika yale yasiyokuwapo. Hakuna trela. Hakuna klabu. Saa za adhuhuri utakaa kivulini kwa sababu jua halikuachii nafasi ya kufanya jambo jingine, na huko kulazimika kukaa ndiko mwanzo wa tiba. Asubuhi mapema utatembea na mwongozaji, polepole, ukiwatazama ndege. Mwenye nguvu anaweza kuupanda mlima, mradi aanze alfajiri na ashuke kabla ya jua kuwa kali.

DAWA YA GIZA

Jambo kubwa zaidi utakalolipata huko ni giza. Mjini tumelisahau. Taa za barabarani, televisheni na simu za mkononi huuambia ubongo kwamba bado ni mchana, nao huchelewa kutoa melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Ndiyo maana unaweza kuwa umechoka hoi na bado ukagaagaa kitandani hadi saa saba za usiku.

Mwaka wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani, wakiongozwa na Kenneth Wright, waliwapeleka watu wanane milimani kupiga kambi kwa wiki moja, bila taa za umeme wala simu. Walipowapima, walikuta kwamba saa ya mwili ya watu hao imerudi nyuma kwa karibu saa mbili: usingizi ulikuwa ukiwajia mapema na kwenda sambamba na machweo na mawio ya jua. Utafiti mwingine wa chuo hicho, uliotolewa mwaka wa 2017, ulionyesha kwamba hata mwisho wa wiki mmoja tu kambini uliisogeza saa hiyo kwa zaidi ya saa moja.

Sisi tunaokaa karibu na ikweta tumebahatika. Usiku wetu una takriban saa 12 mwaka mzima. Tunachohitaji ni kuuacha uwe usiku. Chini ya mlima Olorgesailie, moto wa kupikia ukishazimwa, kinachobaki ni nyota. Hutahitaji kidonge cha usingizi.

USIUBEBE MJI MGONGONI

Hapa sina budi kuwakosoa wenzangu wa mjini. Wengi wetu tukisema tunakwenda kupumzika, huwa tunahamisha vurugu kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Tunapakia kreti za bia na kipaza sauti kikubwa, tunachoma mbuzi, tunakesha tukipiga muziki, kisha Jumapili usiku tunarudi barabarani tumechoka kuliko tulivyoondoka, na dereva naye amelewa. Hiyo ni sherehe, na sherehe ina mahali pake. Lakini usiipe jina la mapumziko. Pombe huleta usingizi wa haraka lakini huuvuruga kabla ya alfajiri, na huzidi kupandisha shinikizo la damu.

Jambo la pili ni akina mama. Mara nyingi familia hupumzika, mama asipumzike. Yeye ndiye aliyefunga mizigo, ndiye anayekoleza moto, ndiye anayeosha sufuria na kumfuata mtoto anayekimbia miibani. Kwake, safari ni kubadilishiwa jiko tu. Baba, ukiamua kuipeleka familia mlimani, kubalianeni kabla ya kuondoka nani atapika lini. Vijana wa miaka 12 na zaidi wanaweza kuosha vyombo. Kama mama hakulala mchana hata mara moja, safari hiyo haikuwa ya afya.

La tatu ni simu. Waarifu kazini kwamba hutapatikana, kisha izime. Yule anayepumzika huku akijibu ujumbe wa ofisi kila baada ya dakika kumi, kengele ya mwili wake ingali inalia.

HAKI NA DESTURI

Wako watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Hawaijui Kajiado. Wamaasai tangu jadi wamekuwa na desturi ya olpul: wanaume, hasa morani, hujitenga na boma, wakakaa porini siku kadhaa au hata majuma, wakila nyama na kunywa supu iliyochemshwa na mizizi na magome ya dawa. Mgonjwa au aliyedhoofika naye hupelekwa huko ili apate nguvu tena. Hakuna aliyeona kwamba ni uvivu. Jamii ilijua kuwa mwili una haja ya kuondoka nyumbani ili upone. Desturi hiyo haikuwahusisha wanawake, na hilo ndilo ningelibadilisha, lakini hekima yake ni ya hapa hapa.

Wengine watasema kwamba wao hupumzikia kwao mashambani. Ni vyema kuwaona wazazi. Lakini sema kweli: ukifika huko unapumzika? Kuna ada ya mpwa, kuna paa la mama linalovuja, kuna kikao cha ukoo kuhusu mpaka wa shamba. Hayo ni majukumu mema, ila ni majukumu.

Na wale wasemao hawana wakati, basi wajue kwamba sheria inawapa. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mwajiriwa angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kamili baada ya kila miezi 12 ya kazi, na angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Likizo yaweza kugawanywa kwa makubaliano. Mwajiri anayemnyima mtu likizo hamfanyii biashara yake hisani yoyote, kwa kuwa mfanyakazi aliyechoka hukosea, hujeruhiwa na huugua. Vile vile, mfanyakazi anayeuza siku zake za likizo ili apate pesa za saruji anauza kitu ambacho hospitali haitamrudishia.

Ninaowahurumia zaidi ni wale wasio na mwajiri: mama mboga wa soko la Noonkopir, mwendeshaji wa bodaboda, fundi, mwenye duka. Hawa hakuna sheria inayowafungia mlango. Asipofungua, hakuna mauzo. Ushauri wangu kwao ni kutumia chombo walicho nacho tayari, yaani chama. Kama chama kinaweza kununua sufuria na viti, kinaweza pia kuweka akiba ya safari ya siku mbili kila mwaka, wanachama wakishikiana zamu za biashara. Matatu ikikodiwa na watu kumi na wanne, gharama ya kila mmoja hupungua sana.

KIDOGO NA MARA KWA MARA

Usingoje likizo moja kubwa mwisho wa mwaka. Watafiti waliochunguza watu kabla na baada ya likizo wameona kwamba nafuu huonekana upesi, lakini pia hutoweka upesi, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza baada ya kurudi kazini. Hivyo siku mbili au tatu, mara tatu au nne kwa mwaka, zaweza kukufaa kuliko kungoja Desemba. Na katikati ya safari hizo, utafiti wa watu karibu 20,000 uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka wa 2019 uliona kwamba wale waliokaa kwenye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki waliripoti afya bora zaidi. Kutembea asubuhi mbili kwa juma, mbali na barabara kuu, kunatosha kufikisha dakika hizo.

Kabla hujaondoka, zingatia haya machache. Ulizia Makavazi mapema kama pana nafasi. Beba maji ya kutosha, angalau lita tano kwa kila mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia. Beba kofia, tochi, viatu vilivyofunika mguu kwa sababu ya nyoka na miiba, na chandarua. Kama una shinikizo la damu au kisukari, pimwa kwanza na usiache dawa zako nyumbani. Mlima haubadilishi agizo la daktari. Wazee, wajawazito na watoto wachanga wakae kivulini saa za joto. Wala usiokote jiwe hata moja la ukumbusho, kwani zana hizo zinalindwa na sheria.

Chukua kalenda leo, uitie alama tarehe moja kabla ya miezi mitatu kwisha. Mwarifu mwajiri wako, au wanachama wenzako, wiki hii. Usiku huo trela zitapita Noonkopir kama kawaida, nawe hutakuwapo kuzihesabu.